Bibi Hakuingia Majini: Nimuumbue Mbele ya Watu?

Mpendwa Shangazi Verdell,

Nimebanwa, naomba unisaidie kabla ya Jumanne, maana Jumanne jioni kuna kikao cha hadhara cha baraza la mji wetu hapa Mississippi na mimi nimeshajiandikisha kuzungumza, na nikisema ninachotaka kusema nitammaliza bibi yangu aliyenilea, atabaki hai lakini hataweza tena kuketi kwenye benchi lake kanisani, na nisiposema, kila tulichokifanya vijana wa hapa tangu mwaka jana kitafukiwa.

Nina miaka ishirini na minne. Mwaka ule watu walipoandamana nchi nzima kupinga polisi kuwaua watu weusi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza sekondari, na hata sisi wa mji huu mdogo tuliandamana, tukatoka kanisani mpaka mahakamani tukiimba, mkuu wa polisi akapiga goti pamoja nasi, meya akatoa machozi mbele ya kamera, duka la samani likabandika bango kwamba maisha yetu yana thamani, na mimi mjinga nikaamini kwamba sasa imefika, sisi ndio tutakaoyaona mabadiliko yenyewe. Bango lile lilibanduliwa kabla ya Krismasi. Wenzangu niliotembea nao wako Atlanta na Memphis na Dallas, wanarudi kwa mazishi tu, wanakula kuku kwenye ukumbi wa kanisa, wananikumbatia wakiniambia "wewe ndiye uliyebaki, wewe ni shujaa," halafu wanawasha magari yao. Mimi nilisoma chuo nikarudi, nafanya kazi kwenye kliniki ya wagonjwa wa figo, na nilirudi kwa sababu nilisema kama sote tutaondoka, nani atabaki kuugeuza mji huu?

Shangazi, mji wetu una bwawa la kuogelea, ila liko chini ya udongo. Wazee wanasema lilikuwa zuri, lilikuwa la wazungu peke yao, na kiangazi kimoja cha miaka ya sitini vijana weusi walipoparamia uzio wakaingia majini kudai haki yao, mji ulileta malori ukalimwagia udongo wiki hiyohiyo, kwamba ni bora wakose wote kuliko kuoga maji mamoja na sisi. Toka siku hiyo wazungu wana mabwawa yao nyuma ya nyumba na kwenye klabu yao, na sisi watoto wetu wana shimo la kokoto kule nje ya mji, ambalo mvua ikinyesha linajaa maji ya rangi ya chai. Kiangazi kilichopita Jaquez alizama humo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, nilimfundisha mimi kwenye shule ya Jumapili, alikuwa anapenda kuuliza maswali ya kuudhi kuhusu nyangumi. Wenzake walisimama ukingoni wakamrushia shati ili alishike. Baba yake alikuja akikimbia, akaingia mpaka kifuani, akasimama hapo analia, kwa sababu na yeye hajui kuogelea, na aliyemtoa ni mtu wa zimamoto kutoka wilaya nyingine.

Baada ya mazishi tulikaa vijana wachache nyumbani kwa rafiki yangu Corliss, tukasema hatutavaa fulana zenye picha ya Jaquez na kurusha maputo halafu tukalale. Tutachimba bwawa. Na kweli Jumamosi moja tulikwenda na majembe tukachimba upande mmoja, na mchana jembe la Corliss likagonga kigae, tukafuta udongo kwa mikono, kigae cha bluu, Shangazi, bado kinang'aa, na pembeni yake ngazi ya chuma ya kushukia majini. Watu walikuja kutazama. Wazee wa kiume walivua kofia. Mimi nililia kwa furaha, nikaona kumbe mambo yanawezekana, kumbe kilichofukiwa hakikuvunjwa. Jumatatu baraza likatuma katapila likafukia tena, wakasema ni kwa usalama wa umma, na aliyekuwa analiendesha ni mjomba wake Corliss. Siku hizi madiwani wetu karibu wote ni weusi, meya mweusi, na katapila linaendeshwa na mjomba.

Sasa yako mapendekezo mawili mezani. Letu ni kulifufua bwawa. Lao, yaani la mwenyekiti wa baraza Bwana Lucious Peeples na Mchungaji wetu, ni kuweka jiwe la kumbukumbu juu ya udongo uleule, bustani kidogo na mabenchi, majina ya wale walioingia majini yachongwe kwa dhahabu. Na jina la kwanza ni la bibi yangu.

Bibi ndiye historia ya mji huu. Kila mwezi wa pili, mwezi wetu wa kukumbuka historia yetu, anasimama kanisani na kofia yake nyeupe anasimulia, "Maji yalikuwa baridi, watoto wangu, lakini moyo ulikuwa unawaka," na kanisa zima linaitikia, mimi nimekua nikilisikia hilo, na ndilo lililonifanya niandamane, ndilo lililonirudisha hapa. Nilidhani atakuwa wa kwanza kuwa upande wetu. Kwenye kikao cha kwanza alipewa kipaza sauti akasema, "Sisi hatukuingia mle kwa ajili ya kucheza. Tuliingia kwa ajili ya haki. Hawa watoto wanataka kuturushia maji juu ya makaburi yetu." Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya pili na fulana yangu ya Wachimbaji, jina tulilojipa siku ya majembe.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anachambua mboga za Jumapili.

"Bibi, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Uliingia majini ili sisi tuingie."

"Tuliingia ili tusikatazwe. Hatukusema ni lazima muingie."

"Jaquez amekufa, Bibi."

"Jaquez alikatazwa kwenda kule shimoni."

"Kila mtu alimkataza! Nani alimfundisha?"

"Usinipandishie sauti jikoni kwangu. Nawajua nyie. Mtafungulia miziki yenu, mtaleta bangi, mwisho mtapigana risasi humohumo, na wale wazungu watakaa kwenye vibaraza vyao waseme, si tuliwaambia?"

Nilipika mkate wa mahindi nikala naye, maana ndivyo tulivyo.

Wiki iliyopita sasa, nikiwa kazini, nilikuwa namhudumia Mama Idella, rafiki ya bibi wa tangu utotoni, yeye huja kliniki kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na saa zile ni ndefu, mtu huongea. Nikamwambia, "Mama Idella, na wewe jina lako litakuwepo kwenye jiwe, chini ya la bibi." Akacheka mpaka mashine ikapiga kelele.

"Earlene? Earlene hakulowa hata kisigino!"

"Unasemaje?"

"Tuliingia sita. Bibi yako alibaki nje ya uzio ametushikia viatu. Mama yake alikuwa amemchoma nywele asubuhi ile kwa kitana cha moto zinyooke, kesho yake aimbe peke yake mbele ya kwaya, akamwambia ukirudi na nywele zimejikunja nitakuchuna ngozi. Basi polisi walipokuja, Earlene akatimua mbio na viatu vyetu vyote. Tulitoka jela pekupeku, mwanangu! Lami ya Agosti! Nilimtukana mpaka nikaishiwa matusi."

"Na mbona hujawahi kusema?"

"Niseme nini? Wale wengine walihamia Chicago na Detroit, wamezikwa hukohuko. Tulibaki wawili. Mimi sipendi kusimama mbele za watu, yeye anapenda. Acha aseme. Na wewe niletee blanketi, naona baridi."

Shangazi, tangu siku hiyo silali vizuri. Miaka yote hii! Maji baridi, moyo unawaka! Nywele! Na mimi na mpwa wangu Nyla, mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, tumekua tukiambiwa na bibi huyohuyo "usiloweshe kichwa, nimetoka kukusuka," hata mvua ikidondoka anatufunga mfuko wa plastiki kichwani. Corliss anasema huu ndio ushindi wetu, nisimame Jumanne, nina dakika tatu, niulize tu swali moja mbele ya watu wote: Bibi, ulikuwa na nywele za namna gani siku ile? Anasema ukimwangusha bibi yako, jiwe linaanguka lenyewe. Na mimi nina hasira kiasi kwamba nimeshalifanyia mazoezi swali hilo mbele ya kioo. Lakini ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyenivalisha joho la mahafali, na najua akiaibishwa na mimi hatainuka tena.

Nifanye nini? Nikinyamaza, jiwe litawekwa, na shule zikifungwa mwezi wa sita Nyla atakwenda shimoni na wenzake, ameshaniambia, "Anti, mimi nitakaa pembeni tu," na Jaquez naye alianza kwa kukaa pembeni. Mimi nilikuwa na matumaini na mji huu. Sasa sijui kama nilikuwa na matumaini au nilidanganywa tu na hadithi nzuri.

Wako,
Mchimbaji Aliyechoka

*

Mwanangu Mchimbaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikulilia, ya pili nilitamani kukuchapa. Jibu hili nakutumia kwanza wewe, gazetini litatoka baadaye, majina yote nimeyabadilisha na mji wako siutaji, na kukutambua si rahisi kwa kuwa huku Kusini miji ya hivyo iko tele, yenye bwawa chini ya udongo na mtu anayeegesha gari juu yake bila kujua. Nimepata barua kama yako kutoka pande tatu, ila ya kwako ndiyo ya kwanza yenye mtu wa kushtakiwa.

Tuanze na unalolijua tayari lakini unataka kulisikia kwa mtu mzima. Una haki ya kukasirika. Baraza lako linataka jiwe kwa sababu jiwe halihitaji mwokoaji wala dawa ya maji, halidai bima, na halileti mtoto mwenye kelele wa mtaa wa pili. Jiwe hufunguliwa mara moja, watu wakapiga picha, wakala kambare wa kukaanga, wakaenda zao. Hao wakubwa wetu wanayapenda sana mapambano yakishakufa. Wewe na majembe yenu mmewaletea mapambano yaliyo hai, yanayonuka jasho, na ndiyo maana waliwaletea katapila. Na kwamba dereva alikuwa mjomba, hilo limeniuma kuliko yote, maana mimi ni wa kizazi kilichosema tukipata tu watu wetu kwenye viti vile, mambo yatakwisha. Tumewapata, wamekaa, na viti vimewapendeza.

Sasa nisikilize kuhusu bibi yako.

Umeandika kurasa nzima ukijiuliza kwa nini analipinga bwawa, na jibu umeniandikia mwenyewe bila kuliona. Hebu fikiria bwawa limefunguliwa. Kuna utepe, kuna kwaya, kuna watu wa televisheni kutoka Jackson. Unadhani wataita nani aingie majini kwanza? Mtamwita Mama Earlene, shujaa wetu, mumshike mkono mpaka kwenye ngazi ile ya chuma, na mji mzima utasimama kumtazama akishuka. Mwanamke mwenye zaidi ya miaka sabini, asiyejua kuogelea, ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yale, na Mama Idella ameketi pale kwenye kiti cha magurudumu anamwangalia. Bibi yako ameiona siku hiyo kabla yenu. Jiwe kwake ni kinga. Mkishaweka jiwe, hakuna atakayemwambia avue viatu.

Simtetei. Amedanganya, na kibaya zaidi, uongo wake umesimama kati ya watoto na maji, na hilo nitamwambia usoni nikikutana naye. Lakini jiulize pia nani alimfundisha kudanganya. Msichana mwenye hofu ya mama yake, amesimama nje ya uzio na viatu vya wenzake, polisi wanakuja, na yuko pale! Hakubaki nyumbani. Wangapi walibaki nyumbani siku ile? Wazazi wangu mimi, siku kama hiyo ilipofika kwetu, walibaki nyumbani na mapazia wakayafunga. Ila sisi hatukutaka kusikia habari za aliyeshika viatu. Tulitaka aliyelowa. Kila mwezi wa pili tulimpandisha pale mbele, tukamwitikia, na yeye kila mwaka akasogea hatua moja karibu na maji mpaka akaingia. Kanisa zima lilimsukuma, na wewe ulikuwa humo unapiga makofi.

Na Mama Idella, aliyelala jela na kurudi nyumbani na malengelenge miguuni, mwenye haki ya kwanza ya kumuumbua kuliko mtu yeyote duniani, ameamua kunyamaza karibu maisha yake yote. Alikwambia akiwa amechomwa sindano mkononi, kwa kucheka, kwa kupitisha saa, wewe ukiwa umevaa sare ya kliniki. Halafu uyachukue maneno ya mgonjwa wako uyapeleke kwenye kipaza sauti? Aibu yako. Hata kazi unaweza kupoteza, na ungestahili.

Kuhusu huyo Corliss. Kijana ana nguvu na ana uchungu, na jembe lake liligonga kigae, Mungu ambariki. Lakini anakudanganya na anajidanganya. Ukimwangusha bibi yako, jiwe haliangukii kwenye bwawa. Nitakwambia linapoangukia, kwa sababu nimekaa kwenye vikao hivyo tangu mama yako hajazaliwa. Utauliza swali lako, ukumbi utalipuka, Mchungaji atasimama, mtu atamtukana mwenzake, mwanamke atazimia, na Bwana Peeples atagonga nyundo yake aseme kwa masikitiko makubwa kwamba jamii haijaelewana, basi suala hili tuliahirishe. Baada ya miezi michache mtasikia kiwanja kile kimepewa mtu wa nje ajenge duka la bei rahisi. Mtanunua humo sabuni na chipsi, na chini ya sakafu vigae vya bluu vitakuwepo. Mara ngapi wametukuta tunagombana wakaondoka na kiwanja?

Kwa hiyo swali hilo hutaliuliza. Usiliulize Jumanne, wala kwenye simu kwa siri, wala usimnong'oneze dada yako. Na Corliss, kwa kuwa analijua tayari, mwambie shangazi wa gazetini amesema akifungua mdomo atakuja mwenyewe.

Utakachofanya ni hiki. Nenda kwa bibi yako kabla ya Jumanne, mchana, ukiwa peke yako. Usiende na fulana yenu ile. Mwambie, "Bibi, najua kuhusu viatu." Atakana. Atakufukuza jikoni. Kaa. Mwambie, "Hakuna atakayekuomba uingie majini, si sisi wala wao, mimi nitahakikisha." Mwambie humwombi aungame mbele ya mtu, na humtishi. Kisha umwombe jambo moja tu: Jumanne akae nyumbani. Mafua, goti, chochote, watu wa umri wetu tuna maradhi ya kutosha ya kusingizia. Asisimame dhidi ya watoto. Kama atataka kusema ukweli mwenyewe siku moja, hiyo ni juu yake na Mungu wake na Idella. Na kama atakataa, akaja Jumanne na kofia yake nyeupe akasema yaleyale, utasimama kwenye dakika zako tatu ukazungumza habari za Jaquez, za shati alilorushiwa, za baba yake aliyesimama majini mpaka kifuani, na jina la bibi yako halitatoka kinywani mwako. Utafanya hivyo hata kama utajing'ata ulimi utoke damu.

Na huenda mkashindwa. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nadhani mtashindwa, mwaka huu angalau. Nimewaona vijana wengi wenye macho kama ya barua yako, wengine walikuwa wenzangu, na mji uliwangoja tu wachoke. Unaniuliza kama ulikuwa na matumaini au ulidanganywa na hadithi. Vyote viwili. Hata sisi tulidanganywa na hadithi za waliotutangulia, na wale nao vilevile, na bado kuna vitu vimepatikana, vichache, kwa jasho kubwa kuliko vinavyostahili, na vingine tumevipata kisha tukavifukia wenyewe kwa katapila. Hilo linanitia uchungu hadi leo, wala sitarajii uniponye.

Lakini sasa nikuulize mimi. Barua yako ni ndefu. Umeniambia habari za kigae, za mboga, za kitana, za duka la samani. Hakuna mahali uliponiambia kwamba wewe unajua kuogelea. Nimetafuta. Wala Corliss. Wala mmoja wenu katika hao Wachimbaji. Nakisia kwamba hamjui, hata mmoja, na kwamba mlipomtazama baba yake Jaquez amesimama pale analia, kila mmoja wenu alijiona. Mnataka kufungua bwawa na hamna wa kumshika mtoto akizama ndani yake. Angeuliza hilo Bwana Peeples kwenye kikao, mngejibu nini? Tena mshukuru hajawa na akili ya kuuliza.

Lazima kuna chuo cha wilaya mahali fulani ndani ya mwendo wa saa moja kutoka kwenu, na vyuo hivyo huwa na bwawa la ndani na mwalimu asiye na kazi Jumamosi asubuhi. Piga simu kesho. Wakikataa, piga kwingine. Barabara kuu hapakosi moteli yenye bwawa dogo ambalo hakuna mgeni anayelitumia, na mwenye moteli hupenda kuonekana mtu mwema, mtumie. Basi la kanisa linalala uani wiki nzima. Mchungaji anayetaka jiwe hawezi kukataa kuwapeleka watoto kujifunza kuogelea, mwombe mbele ya akina mama wa kanisa wanaovaa nyeupe, baada ya ibada, kwa sauti. Wachimbaji wote mjifunze. Baba yake Jaquez naye mumwite, na asipojibu mumwite tena. Na habari ya nywele ikome katika nyumba yenu kuanzia wiki hii. Zisukwe, zipakwe mafuta, zifungwe, zilowe, zikaushwe. Nywele hukauka.

Halafu baraza lenu lipige kura linavyotaka. Wakiweka jiwe, nanyi mkawa na watoto arobaini wanaojua kuogelea na hawana pa kuogelea, mwakani mtarudi kwenye ukumbi ule na mtakuwa watu wengine. Wasipoweka, mtakuwa tayari. Lakini mwezi wa sita unakuja kwa vyovyote vile, lile shimo limejaa, na Nyla ameshakwambia kwamba atakwenda. Jumamosi hii uwe naye majini. Tangulia wewe kushuka, hata kama unatetemeka, kisha umnyooshee mikono.

Shangazi Verdell